Kompyuta imesahau tarehe? Angalia betri, kisha mwangalie mtoto

Chukua nyumba moja mjini Kasulu, ya aina ambayo kila mtaa inayo. Sebuleni kuna kompyuta ya mezani iliyonunuliwa mtumba. Binti wa kwanza amemaliza kidato cha sita na anataka kujaza maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo siku hizi hujazwa kwa intaneti. Mama amekaa mlangoni na ungo, anachambua maharage. Mtoto wa mwisho ana mwaka mmoja na nusu, anatembea nyumba nzima, na kila anachookota anakipeleka mdomoni.

Binti anawasha kompyuta. Kioo kinabaki cheusi na maandishi meupe yanayomtaka abonyeze F1. Anabonyeza, Windows inafunguka, lakini saa ya pembeni inaonyesha Januari 1, 2009. Anafungua tovuti ya mikopo, inakataa. Anaonyeshwa onyo kwamba mawasiliano si salama. Anajaribu barua pepe, nayo inakataa.

"Mama, hii kompyuta imekufa. Na siku za kuomba zinaisha."

"Muite fundi, mwanangu. Lakini muulize bei kwanza."

Katika nyumba nyingi, neno linalofuata hutoka kwa jirani au kwa kijana anayepita: "Hiyo ipigwe Windows." Ikipigwa bila kuhifadhi vilivyomo, picha za harusi zinaondoka, za marehemu babu zinaondoka, na vyeti vilivyoskaniwa navyo vinaondoka. Mara nyingi tatizo lilikuwa betri moja ndogo ya duara.

Betri hiyo ndiyo habari ya leo. Ikiwa ndani ya kompyuta, inailinda saa. Ikitolewa na kuwekwa ovyo, inaweza kumuua mtoto.

Kompyuta inavyoamka

Mtu anapobonyeza kitufe cha kuwasha, Windows haiji moja kwa moja. Kwanza huamka programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye kijisahani cha kumbukumbu juu ya ubao mkuu wa ndani, ule ambao mafundi huuita mazabodi. Kwenye kompyuta za zamani programu hiyo inaitwa BIOS, na kwenye za karibuni inaitwa UEFI. Mafundi wengi bado huziita zote BIOS.

Kazi yake ni kama ya mama wa nyumba alfajiri. Anaangalia nani ameamka na nani bado: kumbukumbu ipo, kibodi ipo, diski ipo. Kisha anasoma orodha inayomwambia aanzie wapi kutafuta Windows, kama ni kwenye diski ya ndani, kwenye flashi au kwenye mtandao. Akishaipata, anaikabidhi kazi na kukaa pembeni.

Saa na tarehe haziwezi kusubiri umeme urudi. Ndiyo maana kuanzia kompyuta ya IBM PC AT ya mwaka 1984, ndani kuliwekwa saa inayoendeshwa na betri hata kompyuta ikiwa imezimwa. Katika kompyuta nyingi za mezani betri hiyo ni CR2032. Namba zake zina maana: upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Ni ya lithiamu, ina volti 3, na inang'aa kama sarafu mpya.

Kompyuta ya mezani ikiwa imechomekwa ukutani na umeme upo, saa hula umeme wa ukutani hata kama kompyuta imezimwa. Ikichomolewa, saa huanza kula betri. Kompyuta ya mtumba iliyokaa stoo miaka kadhaa kabla ya kufika sokoni mara nyingi huja na betri iliyochoka. Na kwa muda mrefu Kibondo na Kasulu zilitegemea majenereta ya dizeli, hadi gridi ya taifa ilipofika mkoani Kigoma mwaka 2022. Hata sasa, nyumba inayochomoa kila kitu usiku kwa kuogopa radi inafanya jambo la busara, lakini ijue kwamba betri ya saa ndiyo inayolipa.

Kwa nini tarehe ikikosewa intaneti hukataa

Tovuti ya serikali, ya benki au ya barua pepe hujitambulisha kwa kompyuta kwa cheti cha usalama. Cheti hicho kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini kuwa leo ni mwaka 2009 inaona cheti ambacho hakijaanza kutumika, nayo hukataa. Tovuti ni nzima na intaneti ni nzima. Aliyepotea ni saa.

Kwa hiyo binti wa Kasulu anaweza kuokoa siku yake sasa hivi: aende kwenye mipangilio ya saa ndani ya Windows, aweke tarehe, mwaka na saa sahihi, kisha afungue tovuti upya. Itafunguka. Usiku umeme ukikatika, tarehe itapotea tena, lakini fomu itakuwa imeshatumwa. Betri inaweza kusubiri hadi kesho.

Kwenye baadhi ya kompyuta, hasa za zamani, betri ikifa haipotezi saa peke yake. Mipangilio yote inarudi ilivyotoka kiwandani. Huenda Windows iliwekwa wakati kompyuta ikiamka kwa mtindo wa zamani, sasa imerudi kwenye mtindo mpya. Huenda namna ya kuisoma diski imebadilika. Kioo kinasema hakuna diski ya kuanzia, na familia inaambiwa diski imekufa. Diski ipo, nzima, na picha zimo. Kinachotakiwa ni kurudisha mpangilio mmoja.

Hapo ndipo mzazi anapopaswa kumuuliza fundi maswali mawili kabla ya kukubali kupiga Windows: "Umeangalia BIOS inaiona diski?" Na la pili: "Vilivyomo utavihifadhi wapi kabla hujafuta?" Fundi mzuri hakasiriki kwa maswali haya.

Kabla ya kugusa mpangilio

Kuingia kwenye mpangilio si uchawi. Kompyuta inapowaka tu, kabla Windows haijaanza, kuna kitufe cha kubonyeza mara kwa mara. Kwa Dell ni F2, kwa HP ni F10, kwa Lenovo nyingi ni F1 au F2, kwa Acer ni F2. Kompyuta nyingi za mezani za kuunganishwa hutumia Delete. Kwa Dell na Lenovo, F12 huleta orodha ya kuchagua pa kuanzia kwa mara hiyo tu, bila kubadilisha chochote cha kudumu.

Familia yenye kompyuta moja inafaa kushika mambo machache.

Piga picha kwanza. Kompyuta ikiwa bado nzima, ingia kwenye mpangilio na upige picha kila ukurasa kwa simu. Betri itakapokufa, picha hizo ndizo zitakazomwonyesha fundi palikuwaje.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukiona umepotea, toka bila kuhifadhi. Hakuna kitakachokuwa kimebadilika.

Chomoa flashi kabla ya kuwasha. Orodha ikiwa imeweka flashi mbele ya diski, kompyuta inaweza kukaa hapo ikitafuta Windows ndani ya flashi yenye nyimbo za kwaya tu.

Weka nywila ya mpangilio, na iandike. Mtoto mwenye akili anaweza kuwasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo mwingine na kuruka kabisa vizuizi ulivyoweka ndani ya Windows. Nywila ya mpangilio pamoja na diski ya ndani kuwekwa ya kwanza humzuia. Lakini iandike kwenye daftari linalokaa na nyaraka za nyumba. Katika kompyuta mpakato nyingi za ofisi, nywila hiyo ikisahaulika haifutiki kwa kutoa betri. Kwa sababu hiyo hiyo, anayenunua mtumba amwombe muuzaji aingie kwenye mpangilio mbele yake. Kikitokea kisanduku cha nywila na muuzaji haijui, ni heri kuiacha.

Ulinzi unaozuia programu zisizotambulika kuingia wakati wa kuwaka, uache ukiwa umewashwa, isipokuwa fundi akueleze sababu.

Na kuboresha programu yenyewe ya BIOS kusifanywe siku ya mvua na radi. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, kompyuta inaweza isiwake tena.

Betri inapotoka

Turudi sebuleni. Fundi amefika. Amechomoa waya wa umeme, amefungua ubavu wa kompyuta, amebonyeza kibanio na betri imeruka juu. Anaiweka kwenye ukingo wa meza, anatoa mpya kwenye pakiti, anaichomeka, anawasha, anaweka tarehe. Kila mtu anatazama kioo. Binti anafurahi. Mama anatafuta hela kwenye mkoba.

Hakuna anayetazama ukingo wa meza.

Wazazi wengi hudhani betri iliyokufa haina madhara. Hilo si kweli. Betri iliyoshindwa kuendesha saa bado ina umeme wa kutosha kumchoma mtoto. Ikimezwa, upana wake wa milimita 20 unatosha kuifanya ikwame kwenye umio, njia ya chakula, wa mtoto mdogo. Hapo nyama ni mbichi na yenye majimaji. Umeme unapita kutoka upande mmoja wa betri hadi mwingine kupitia nyama hiyo, na upande wa hasi hutengeneza kemikali kali ya jamii ile ile ya kostiki ambayo akina mama wanaotengeneza sabuni ya mawese wanaijua. Wanajua inavyofanya ngozi ya mkono. Hapa iko ndani ya koo la mtoto.

Kuungua kubaya kunaweza kutokea ndani ya muda wa saa mbili. Betri inaweza kutoboa umio, kufika kwenye njia ya hewa au kwenye mshipa mkubwa wa damu. Hata ikishatolewa, kidonda kinaweza kuendelea kuchimba, na wapo watoto waliotokwa na damu siku au wiki kadhaa baadaye.

Dalili hudanganya. Mtoto anaweza kutokwa na mate mengi, kukataa kula, kukohoa, kupumua kwa sauti, kutapika au kushika kifua. Hizo ni dalili ambazo mzazi anaweza kudhani ni mafua au meno. Wengine hawaonyeshi chochote mwanzoni. Kwa hiyo kipimo cha nyumbani ni kimoja: betri ilikuwepo, sasa haipo, na mtoto alikuwa karibu. Hiyo inatosha kuondoka.

Saa mbili na barabara

Kwa familia ya Kasulu au Kibondo, saa mbili ni hesabu ngumu. Kuitoa betri kwenye umio kunahitaji kifaa maalumu cha kuingiza kooni, dawa ya usingizi na mtaalamu. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni iko Kigoma mjini, safari ya karibu kilomita 100 kutoka Kasulu na zaidi ya kilomita 200 kutoka Kibondo. Hospitali ya kanda, Bugando, iko Mwanza. Hata kwenye lami, muda unaopotea nyumbani kwa kubishana haurudi.

Kwa hiyo usisubiri uone kama itatoka na choo. Usimtapishe. Usimpe ugali wala ndizi ili kuisukuma. Usimpe maziwa wala maji. Nenda kituo kikubwa cha karibu chenye eksirei, na ukifika pale mapokezi sema neno lenyewe: "Amemeza betri." Usiseme "amemeza kitu". Kama pakiti ya betri ipo, ibebe, kwa sababu namba iliyoandikwa inamwambia daktari ukubwa wake.

Kwenye picha ya eksirei, betri hufanana na sarafu. Tofauti ni kwamba betri nyingi huonyesha duara mbili, moja ndani ya nyingine, na ukingo wenye ngazi. Mzazi aliyesema mapema kwamba ni betri amemsaidia daktari kuitafuta alama hiyo. Picha ichukue shingo, kifua na tumbo. Ikionekana imekwama kwenye umio, rufaa iombwe hapo hapo na hospitali inayopokea ipigiwe simu kabla gari halijaondoka.

Betri iliyoingizwa puani au sikioni nayo ni dharura. Usiweke matone ya dawa wala mafuta, maana majimaji huongeza kuungua. Mpeleke tu.

Asali ya Kibondo ina nafasi yake

Kuna jambo moja ambalo nyanda hizi zimejaliwa. Kibondo inajulikana kwa asali, na nyumba nyingi hazikosi chupa. Mwaka 2018 watafiti nchini Marekani walichapisha majaribio yaliyofanywa kwa nguruwe wadogo, yaliyoonyesha kuwa asali ilipunguza ukali wa kuungua wakati betri bado imekwama. Tangu hapo, miongozo ya vituo vya sumu vya Marekani inaruhusu asali kama huduma ya kwanza njiani kuelekea hospitali.

Masharti yake yashikwe yote. Mtoto awe ametimiza mwaka mmoja, kwa sababu asali kwa mtoto wa chini ya hapo inaweza kumletea ugonjwa hatari wa kupooza misuli. Betri iwe imemezwa ndani ya saa 12 zilizopita. Mtoto awe anaweza kumeza na hana mzio wa asali. Kipimo ni vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, visizidi mara sita. Asali haitoi betri na haiponyi. Inapunguza tu uchomaji wakati gari linatembea. Kama chupa haipo nyumbani, usiende kuitafuta. Ondoka.

Haya ni ya betri iliyomezwa peke yake. Kwa pua na sikio, asali haihusiki.

Kabla fundi hajafunga begi

Sebule ya Kasulu inaweza kubaki salama kwa jambo la dakika moja. Kabla fundi hajaanza, mtoto mdogo abebwe au apelekwe nje na mtu wa kumshika. Betri mpya isitolewe kwenye pakiti mpaka ile ya zamani iwe imeshashikwa mkononi mwa mtu mzima. Ya zamani izungushiwe selotepu pande zote mbili, ili upande chanya na hasi zisigusane na chochote, kisha iwekwe kwenye kopo lenye mfuniko, juu kabisa, au fundi aondoke nayo. Isitupwe kwenye shimo la taka la nyuma ya nyumba ambako watoto huchezea, wala isitupwe motoni, kwa sababu inaweza kulipuka.

Fundi akisema "imekwisha hiyo, haina kitu", mama amjibu kwa upole: "Nashukuru fundi, lakini naomba niione ikifungwa."

Kisha nyumba nzima ikaguliwe. Betri za namna hii zimo pia kwenye rimoti ndogo, mizani ya jikoni, kadi za muziki, midoli inayowaka na funguo za magari. Kifuniko kisicho na skrubu kifungwe kwa selotepu ngumu.

Binti amefungua tovuti. Tarehe ni ya leo, fomu imekubali, na anaanza kuandika jina lake kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Mama ameweka ungo chini, amembeba mdogo kiunoni, na kwa mkono mwingine ameshika kopo lenye betri iliyofungwa selotepu. Kabla ya kulipa, anahesabu: mpya imo ndani ya kompyuta, ya zamani imo ndani ya kopo. Zimetimia mbili. Sasa fundi anaweza kwenda.